Kabla ya kulazwa usingizi, nani ameangalia koo lako?

Ndugu msomaji, ukipelekwa kupasuliwa katika hospitali ya hapa Goma, utaulizwa mengi kabla ya kufika mlangoni mwa bloku. Utaulizwa nani atalipa, nani atakuwa mlinzi wako wodini, damu yako ni ya kundi gani, kama una sukari au presha, na umekula saa ngapi mara ya mwisho. Huenda ukatumwa maabara, huenda ukapigwa picha ya kifua. Lakini wewe uliyewahi kupasuliwa, jiulize: kuna mtu aliyekuambia ufungue mdomo, utoe ulimi, uinue kidevu juu, kisha akaandika alichokiona?

Jambo hilo halidai franka hata moja. Halihitaji umeme wala maabara, na linamalizika ndani ya dakika mbili. Hata hivyo ni rahisi sana kulisahau, hasa pale ambapo wagonjwa ni wengi na wahudumu ni wachache. Maoni yangu ni haya: hakuna mgonjwa wa Goma, wala wa Masisi, Rutshuru au Walikale, anayestahili kulazwa usingizi kabla koo na pumzi yake havijaangaliwa na kuandikwa kwenye fishi. Na kwa kuwa kipimo hicho hakioni kila kitu, hakuna anayestahili kulazwa kabla anestezisti hajasema kwa sauti atafanya nini kama mrija utakataa kupita.

Hatari iliyo kabla ya kisu

Wengi wetu tunaogopa kisu cha daktari. Hatufikirii sana dakika chache zinazotangulia kisu. Dawa za usingizi kamili, hasa zikifuatwa na dawa ya kulegeza misuli, zinazima pumzi ya mgonjwa. Kuanzia hapo anestezisti ndiye anayempumulia, kwanza kwa maski na mfuko wa hewa, halafu kwa mrija unaopitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani ya bomba la pumzi. Kwa wagonjwa wengi kazi hiyo inaisha haraka. Kwa wachache, ulimi ni mkubwa kuliko nafasi iliyopo, taya ni fupi, shingo haikunjuki, au kuna uvimbe umeziba njia. Anestezisti anatazama na haoni pa kupitisha mrija.

Hapo saa inaanza kukimbia. Mtu mzima mwenye afya, aliyevuta oksijeni safi kwa dakika 3 kabla ya kulala, anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla oksijeni haijashuka vibaya katika damu. Asiyevutishwa oksijeni hiyo ana kama dakika moja tu. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mtu mnene wanaishiwa mapema zaidi. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika 4 au 5, unaanza kuharibika. Ndiyo maana wataalamu wanataka kujua mapema nani ana njia ngumu ya hewa, wakati mgonjwa bado yuko macho, anaongea na anapumua mwenyewe.

Vipimo vya mdomo, kidevu na meno

Mwaka 1985, daktari Seshagiri Mallampati, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Boston huko Marekani, alichapisha utafiti juu ya wagonjwa 210. Aliwaketisha, akawaambia wafungue mdomo kabisa na kutoa ulimi, kisha akaangalia anachokiona nyuma ya koo. Ukiona vizuri kile kinyama kinachoning'inia kooni na kingo za pande zote mbili, kwa kawaida njia ni rahisi. Ukiona ulimi umefunika karibu kila kitu, jiandae. Mwaka 1987 Samsoon na Young waliongeza daraja la nne, ambapo haionekani ila sehemu ngumu ya juu ya mdomo. Leo kipimo hicho kinafundishwa karibu kila mahali anestezi inapofundishwa.

Kuna vingine vinavyokwenda pamoja nacho. Mdomo ukifunguka, vidole 3 vya mgonjwa mwenyewe viweze kuingia kati ya meno ya juu na ya chini. Kutoka kwenye kidevu hadi kile kifundo kinachotokeza shingoni, shingo ikiwa imeinuliwa, kusiwe chini ya sentimita 6 na nusu, yaani kama vidole 3. Shingo iweze kwenda nyuma. Mgonjwa aweze kuuma mdomo wake wa juu kwa meno ya chini. Hiki cha mwisho kilielezwa na madaktari wa Iran mwaka 2003. Meno yanayotikisika na meno ya bandia yaandikwe. Ndevu nyingi nazo ziandikwe, kwa sababu zinazuia maski kushika uso vizuri.

Ona kwamba vifaa vyote vya kazi hii ni macho, vidole na kalamu.

Je, mashine ya kupima pumzi inatosha?

Kuna wanaofikiri kwamba jibu ni kumpa kila mgonjwa kipimo cha pumzi cha mashine, ile ambayo unavuta hewa kwa nguvu kisha unaipuliza ndani ya bomba hadi iishe. Mashine hiyo, spirometa, si mpya: Mwingereza John Hutchinson aliieleza mwaka 1846. Ni kifaa kizuri. Inaonyesha kama mapafu yamebana kwa pumu, kama kifua kikuu cha zamani kimeacha makovu, na kama mgonjwa ataweza kukohoa baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua.

Lakini mapafu na koo ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na mapafu ya mcheza mpira na taya fupi ambayo itamtesa anestezisti. Mwingine ana pumu kali, na mrija unapita kooni mwake bila shida. Kumtuma kila mgonjwa kwenye spirometa ili kujua kama mrija utapita ni kumpotezea muda na pesa, na jibu atakalopata halihusu swali lililoulizwa.

Yapo magonjwa ambapo kipimo cha pumzi kinaongea moja kwa moja juu ya njia ya hewa. Mfano mmoja uko karibu nasi sana. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa watafiti wa dunia nzima tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya goitri, ule uvimbe wa shingo unaoitwa pia rovu. Sehemu kubwa ya watu wa kaskazini ya kisiwa walikuwa nao, kwa kukosa madini ya joto katika chakula na kwa kula muhogo usioloweshwa vya kutosha. Chumvi yenye madini ya joto imepunguza sana tatizo hilo, ila mama wazee wenye uvimbe mkubwa bado wapo, na siku moja mmoja wao atahitaji kupasuliwa. Goitri inaweza kubana bomba la pumzi kutoka nje au kulisukuma upande. Kwa mgonjwa kama huyo, mchoro wa spirometa unaweza kuonyesha kwamba hewa inagonga mahali pembamba. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa sababu mchoro mara nyingi haubadiliki hadi njia ibakie na upana wa kama milimita 8. Mgonjwa anaweza kuonekana salama kwenye karatasi huku njia yake imekwisha kuwa nyembamba. Picha ya shingo na macho ya daktari bado vinahitajika.

Kwa hospitali ambayo haina spirometa, kuna vipimo vya pumzi visivyohitaji mashine. Mwambie mgonjwa alale chali bila mto, halafu aongee. Akishindwa na kutaka kuketi, hiyo ni taarifa nzito. Sikiliza kama pumzi yake ina mlio anapoivuta. Uliza kama sauti yake imebadilika miezi ya karibuni. Mwambie ashike pumzi, uangalie saa: asiyefika sekunde 15 ana akiba ndogo. Na muulize mke au mume wake kama anakoroma sana usiku, na kama kuna wakati pumzi inakatika kisha anashtuka. Daktari Frances Chung na wenzake huko Toronto walitengeneza mwaka 2008 orodha ya maswali mafupi juu ya jambo hilo, maarufu kwa jina la STOP-Bang. Anayekoroma hivyo anaweza kuwa mgumu kupumulishwa kwa maski, na dawa kali za maumivu baada ya upasuaji zinaweza kumzima pumzi usiku, wakati muuguzi wa zamu ana vitanda 30 vya kuangalia.

Kipimo kinakosea, na ukweli huo usifichwe

Hapa ndipo wanaopinga wanapopata hoja yao. Wanasema: kwa nini kupoteza dakika kwa kipimo kinachokosea? Kweli, kinakosea. Mwaka 2015 watafiti wa Denmaki walichapisha hesabu ya wagonjwa 188,064. Kati ya wale 3,391 ambao mrija ulikuwa mgumu kupita, asilimia 93 hawakuwa wametabiriwa. Na kati ya wale waliotabiriwa kuwa wagumu, robo tu ndio waliokuwa wagumu kweli. Hiyo ni Denmaki, nchi yenye madaktari, mashine na mafaili ya kompyuta.

Mwaka 2018 kundi la Cochrane lilikusanya tafiti 133 zenye watu zaidi ya 844,000. Kile kipimo cha kuuma mdomo wa juu ndicho kilichoonekana bora katika kugundua koo gumu kuonekana: kilikamata kama wagonjwa 67 kati ya 100. Cha Mallampati kilikamata karibu nusu. Hakuna kipimo kimoja kilichoweza kusimama peke yake.

Wengine wakisoma hesabu hizo wanasema tuache. Mimi ninazisoma kwa namna nyingine. Mgonjwa mmoja kati ya wawili anayegunduliwa akiwa bado macho ni mtu ambaye atapewa nafasi: anestezisti mwenye uzoefu ataitwa, vifaa vitaandaliwa, pengine atapasuliwa kwa sindano ya mgongo, au atahamishiwa hospitali nyingine kabla ya usiku. Na yule asiyegunduliwa anatufundisha kwamba mpango wa pili lazima uwe tayari kwa kila mgonjwa, hata yule ambaye koo lake lilionekana safi. Kofia ya pikipiki haizuii ajali zote za barabara ya Sake, na bado hatuwaambii vijana waivue.

Uingereza walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2005 mke wa rubani Martin Bromiley aliingia kwa upasuaji mdogo uliopangwa, akalazwa usingizi, na njia ya hewa ikakataa. Madaktari wazoefu waliendelea kujaribu mrija kwa muda mrefu, huku muuguzi akiwa ameleta vifaa vya kutoboa shingo. Alifariki siku chache baadaye. Mumewe, aliyezoea kazi ambapo kila hatari ina mpango ulioandikwa, alitumia miaka iliyofuata kuwaambia madaktari kwamba ujuzi peke yake hautoshi. Lazima mtu aruhusiwe kusema: "Tumeshindwa, twende hatua inayofuata."

Kwa nini Goma hasa

Jimbo letu lina sababu zake za kulichukua jambo hili kwa uzito. Ya kwanza ni vita. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, majeruhi walifurika hospitalini kupita idadi ya vitanda, wakati umeme na maji vimekatika katika sehemu kubwa ya mji. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, ambako CICR inasaidia upasuaji wa majeruhi kwa miaka mingi, na katika hospitali nyingine, watu walilazwa hata kwenye sakafu. Risasi au kipande cha bomu kikipiga taya au shingo, kinageuza koo la kawaida kuwa koo gumu kwa sekunde moja. Damu inafunika kila kitu, na uvimbe unaongezeka saa baada ya saa. Mgonjwa ambaye saa nne alikuwa rahisi, saa kumi anaweza kuwa mgumu. Basi kuangalia koo mara moja hakutoshi. Liangaliwe tena kabla ya kuingia bloku.

Ya pili ni moto. Nyumba zetu za mbao, jiko la makala, petroli inayouzwa kwenye vidumu: kila hospitali ya mji inajua kidonda cha moto. Kikipona vibaya shingoni, kovu linavuta kidevu hadi kwenye kifua. Mtoto kama huyo anapoletwa ili kovu likatwe, shingo yake haiwezi kwenda nyuma hata kidogo. Hapo kipimo cha kuinua kidevu kinamaliza mjadala wote.

Ya tatu, na kubwa kuliko zote kwa idadi, ni akina mama. Ujauzito unavimbisha koo, na uchungu wa kuzaa unaongeza. Koo lililopimwa mwezi wa tatu linaweza kubadilika kabisa siku ya kujifungua. Katika nchi zenye hesabu nzuri, mrija unashindwa kabisa kupita kwa mama mmoja kati ya 390 wanaolazwa usingizi kamili wakati wa kujifungua, mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofuata akina mama 3,684 waliofanyiwa sezarieni katika nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba 5 kati ya kila 1000 walifariki, mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Wengi walikufa kwa kutokwa damu. Lakini mwaka 2016 utafiti mwingine uliokusanya hesabu za nchi maskini na za kati ulionyesha kwamba karibu asilimia 14 ya vifo vya akina mama baada ya sezarieni vilitokana na anestezi, na kwamba usingizi kamili uliambatana na hatari mara tatu ya ile ya sindano ya mgongo. Hao ni akina mama walioingia hospitali wakiwa hai, mara nyingi na mtoto aliyetoka salama.

Nitaambiwa: huku kwetu tunatumia sana sindano ya mgongo na ketamini, ambayo haizimi pumzi kama dawa nyingine. Ni kweli, na ketamini imeokoa watu wengi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS tangu 1985. Lakini sindano ya mgongo inaweza kushindwa katikati ya kazi, au dawa ikapanda juu hadi mama akashindwa kupumua. Ketamini inaweza kuleta mate mengi na kufunga nyuzi za sauti ghafla. Siku hiyo anestezisti atahitaji maski na mrija bila kujiandaa, na koo ambalo halikuangaliwa asubuhi litaangaliwa kwa hofu.

Orodha iliyojaribiwa Ifakara

Jibu la tatizo hili haliko mbali. Mwaka 2008 OMS ilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19. Mojawapo, lile linaloulizwa kabla mgonjwa hajalazwa, ni hili: je, mgonjwa ana njia ngumu ya hewa au hatari ya kutapika na kuvuta matapishi? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 ya dunia. Kando ya London, Toronto na Seattle kulikuwa na Ifakara, mji mdogo wa Tanzania ulio mbali na Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Wagonjwa walioangaliwa njia ya hewa kwa kipimo halisi walipanda kutoka asilimia 64 hadi 77.

Soma tena hesabu ya mwisho. Hata kule, kabla ya orodha, zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watatu alikuwa hapimwi. Kilichoongezwa kilikuwa karatasi na desturi ya kuulizana kwa sauti mbele ya wote. Kama Ifakara iliweza, hospitali za Goma zinaweza.

Tunachodai

Simlaumu anestezisti. Katika nchi yetu kazi hii inabebwa zaidi na wauguzi waliosomea anestezi katika ISTM na vyuo vingine, na mara nyingi mmoja anakaa zamu peke yake, mchana na usiku, bila mtu wa kumwita. Anayefanya kazi hivyo anahitaji msaada kuliko hotuba. Kwa hiyo madai yangu yanaelekea kwa wakubwa wa hospitali, wa zoni za afya na wa divisheni ya afya ya jimbo.

La kwanza: kila fishi ya upasuaji iwe na sehemu ya koo na pumzi, iliyo tayari kujazwa. Mdomo vidole vingapi, ulimi daraja gani, kidevu, shingo, meno, kuuma mdomo wa juu, kukoroma, kulala chali. Sehemu hiyo ikiwa tupu, mgonjwa asiingie bloku, isipokuwa maisha yanamponyoka. Na hata hapo, kumwambia "fungua mdomo" wakati anavutishwa oksijeni kunachukua pumzi chache tu.

La pili: kila bloku iwe na kisanduku cha njia ngumu, kinachojulikana kilipo na wote, hata anayefagia. Ndani yake kuwe na mrija mwembamba wa kuongozea, maski za koo za saizi mbalimbali, kisu cha kutoboa shingo na mrija namba 6. Hivyo si vitu vya anasa. Vingi vinaweza kununuliwa kwa bei iliyo chini ya ile ya jenereta ndogo. Kando yake kuwe na kipimo cha oksijeni cha kidole kinachofanya kazi, chenye betri, kwa sababu tunajua umeme wetu.

La tatu: hospitali za mji huu ziko karibu. Ndosho, Virunga, Keshero, Heal Africa, hospitali ya jimbo: pikipiki inazizunguka zote ndani ya saa moja. Kwa nini kusiwe na orodha ya simu ya anestezisti wazoefu, mmoja kila usiku, ambaye mwenzake aliye peke yake anaweza kumpigia akisema, "Nina mama hapa, koo daraja la nne, nifanyeje?" Tangu uwanja wa ndege ufungwe mwaka 2025, kumpeleka mgonjwa Kinshasa kwa haraka kumekuwa ndoto. Msaada wetu wa kwanza uko kati yetu wenyewe.

La nne: mgonjwa ambaye mrija ulimpa shida aambiwe akishaamka. Aambiwe kwa lugha anayoielewa, yeye na mlinzi wake. Nchi nyingine zinatoa kadi. Kadi ni nzuri, lakini watu wetu wamekimbia mara ngapi bila karatasi yoyote, kutoka Masisi hadi Mugunga, kutoka Mugunga kurudi? Faili linabaki chini ya paa lililoporwa. Maneno hayaporwi. Kwa hiyo mgonjwa afundishwe sentensi moja ya kukariri: "Nilipolazwa usingizi, mrija ulikataa kupita kooni." Akifika hospitali yoyote, ya Bukavu, Gisenyi au Kampala, sentensi hiyo inaweza kumwokoa.

Wewe nawe una sehemu yako

Ndugu msomaji, usingoje wakubwa. Ukiambiwa wewe au mtu wako atapasuliwa, sema ukweli juu ya chakula ulichokula. Uji wa saa moja iliyopita ni chakula. Sema kama unakoroma, kama una pumu, kama kuna mtu wa familia aliyepata shida kwenye usingizi. Onyesha jino linalotikisika, usione aibu. Onyesha uvimbe wa shingo hata kama umeuzoea tangu ujana. Kisha uliza kwa heshima: "Dokta, mmeangalia koo langu? Na kama mrija haupiti, mtafanya nini?"

Anestezisti mzuri hatakasirika kwa swali hilo. Atakuambia, "Fungua mdomo, mama, nione." Ataangalia, ataandika, na atakueleza. Na anayekasirika, heri umjue wakati bado uko macho na unaweza kuongea.